Honda CG125 ya zamani: anza na kadi

Ukiuziwa pikipiki ya zamani aina ya Honda CG125 kwa bei ya kutupa, usikimbilie injini. Shika kadi ya usajili kwanza, ulinganishe namba ya chasisi na ile iliyogongwa shingoni mwa fremu, karibu na usukani. Zisipofanana, ondoka, hata kama inawaka kwa kiki moja. Papasa shingo hiyohiyo kutafuta alama za kuchomelewa, kisha mulika tochi ndani ya tangi uone kama lina kutu. Fremu iliyopinda mimi siigusi.

Injini iliyojamu isikutishe sana. Honda waliizindua 1976, haina cheni ya taimingi (ile ya ndani ya injini inayoendesha vali), na pikipiki nyingi za Kichina zimeiga muundo wake, hivyo pistoni na ringi hupatikana. Nenda dukani na pistoni ya zamani mkononi mlinganishe. Vifaa halisi kama saa ya spidi na vifuniko vya pembeni ndivyo vinavyosumbua kupatikana.