Kabla ya kuunga utumbo, tafuta chokaa kwenye mishipa ya nyonga

Tukifungua picha ya CT ya mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, macho hukimbilia uvimbe: ukubwa wake, ulichoshika, kama ini limesalimika. Mishipa ya damu tunaipita tu. Nami niliipita hivyo hivyo, hadi mzee mmoja kutoka Bombo alipovuja kwenye kiungio, pale ncha mbili za utumbo zinaposhonwa pamoja, siku ya 6 baada ya upasuaji. Mishono ilikuwa mizuri. Niliporudia picha yake nilikuta ateri za nyonga zimejaa chokaa, yaani kalisi inayoganda ukutani na kuipunguzia njia damu, nyeupe kama mfupa. Picha hiyo nilikuwa nayo wiki mbili kabla ya kumpasua. Nawaandikia wenzangu wanaopasua na kuuguza wagonjwa hawa, kuanzia Kampala hadi Gulu na Arua.

Hatua ya 1: Pata picha inayoonyesha chokaa

Dawa ya kung'arisha mishipa huifanya ateri nzima iwe nyeupe, na chokaa nyembamba hujificha humo. Anzia picha za kabla ya dawa: humo, kinachozidi 130 kwa kipimo cha Hounsfield (kipimo cha weupe wa picha ya CT) kwenye ukuta wa ateri kihesabu kuwa chokaa. Mgonjwa akija na picha za dawa peke yake, usimrudishe kulipia nyingine. Badili mwonekano uwe wa mifupa, chokaa itajitenga na damu.

Hatua ya 2: Fuata njia ya damu

Hapa usiharakishe. Katika upasuaji wa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mara nyingi tunafunga ateri ya mesenteri ya chini, mojawapo ya zinazolisha utumbo, karibu na inapotoka kwenye aota, ateri kuu ya mwili. Tangu hapo ncha ya juu ya kiungio huishi kwa damu inayoteremka kutoka mesenteri ya juu, kupitia ateri ya pembezoni mwa utumbo. Ncha ya chini hutegemea zaidi matawi ya iliaki ya ndani, ateri ya nyonga. Basi kagua mwanzo wa mesenteri ya juu, shuka na aota hadi inapogawanyika karibu na pingili ya 4 ya kiuno, kisha fuata iliaki za kulia na kushoto mpaka zile za ndani. Wengi huishia kwenye aota, na aota ni pana. Damu hupita hata ikiwa na chokaa nyingi.

Mimi huandika namba kwa kila upande: 0 hakuna, 1 vidoadoa, 2 mabamba, 3 chokaa imezunguka karibu ukuta wote. Si kipimo rasmi, ila hunilazimisha kutazama.

Hatua ya 3: Muulize mwenyewe

Yule mzee alikuwa ameniambia kliniki: "Musawo (daktari), nikitembea mashavu ya miguu yanakaza, nikisimama yanaachia." Nilidhani ni uzee, kumbe ni miguu kukosa damu. Shika mapigo ya kinena na ya juu ya wayo. Uliza sigara, sukari, presha, figo. Tafiti kadhaa zimekuta chokaa ikiandamana na kuvuja kwa kiungio, nyingine hazikuona hivyo, kwa hiyo usiamue kwa chokaa peke yake. Chokaa hutaiondoa, sigara inaweza kuachwa angalau wiki 4 kabla, sukari ikashushwa, damu na lishe vikapandishwa.

Hatua ya 4: Thieta (chumba cha upasuaji)

Kabla ya kuunga, kata ateri ya pembezoni bila kuibana. Damu iruke kwa mapigo, nyekundu angavu. Ikichuruzika nyeusi, rudi nyuma sentimita chache ukate tena, na ulegeze kona ya utumbo iliyo karibu na wengu ili ncha zikutane bila kuvutana. Namba ikiwa 3 pande zote na kiungio kiko chini sana, mimi huweka ileostomi ya muda, yaani utumbo mdogo hutolewa tumboni ili choo kiingie kwenye mfuko. Haizuii kila uvujaji, lakini hupunguza madhara yake. Zungumza na familia mapema, maana mifuko hununuliwa.

Hatua ya 5: Siku ya 3 na kuendelea

Sista akikuambia mapigo yamepita 100 na tumbo limejaa, amka uende. CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani au maambukizi, ikizidi 150 (mg/L) siku ya 3 au ya 4, usimruhusu mgonjwa kabla hujajua sababu. Uvujaji mwingine huja akiwa keshafika nyumbani, na basi la Arua ni safari ndefu. Wa namba 2 na 3 nawaomba wakae kwa ndugu hapa Kampala hadi siku ya 10, na simu ya wodi naiandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya kuruhusiwa.