Le, guo na zhe: Msichanganye na -me- yetu

Wenzangu mnaojifunza Kichina hapa Lamu, tuelewane kwanza, le, guo na zhe si nyakati, Kichina hakina -li- wala -ta-, hivi vinakaa nyuma ya kitendo kuonyesha kimefikia wapi, wakati wenyewe utaujua kwa neno kama zuotian, jana.

Anza na guo maana ndo rahisi, ni "kuwahi". Wo qu guo Malindi, nishawahi kwenda Malindi. Lakini ta qu le Malindi, ameenda, pengine bado yuko huko.

Wengi wanakwama kwa zhe, na kosa linatoka kwa -me- yetu. Kaa pale forodhani utazame punda, tunasema "punda amesimama", hatumaanishi kitendo kimeisha, yuko tu katika hali hiyo, hapo Mchina anasema zhan zhe. Mzee amekaa barazani? Zuo zhe. So kila -me- ikikujia jiulize, ni hali inayoendelea ama jambo limekamilika? Likikamilika ni le: wo chi le liang ge mangguo, nimekula maembe mawili. Na kama bado unatafuna, weka zai mbele ya kitendo, wo zai chi.

Le ikikaa mwisho wa sentensi mara nyingi inaonyesha mambo yamebadilika, xia yu le, mvua hiyo imeanza!

Kukanusha tumia mei, na hapo le inadondoka ila guo inabaki: mei qu, sijaenda, mei qu guo, sijawahi kwenda. Hiyo isomeni kwa sauti mpaka ulimi uzoee.