Rufu ya ndani ya Mini ya zamani: jinsi ya kuitengeneza bila kula nafasi ya kichwa

Mini ya zamani, lile gari dogo la Kiingereza alilobuni Alec Issigonis likatoka 1959, kwenda juu ina kama mita 1.35 tu. Ukikalia viti vyake vya asili ndani unaenea vizuri, ila ukifunga viti vya gari lingine vyenye sponji nene kama nilivyofanya mimi, halafu una futi sita, basi kila shimo la barabarani kichwa kinagonga juu. Na ukichunguza, kinachokugonga siyo bati, ni kitambaa. Rufu ya asili, yaani kile kitambaa kinachofunika paa kwa ndani, imeshonwa mifuko midogo, ndani ya mifuko zinapita nyaya ngumu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kitambaa kinaning'inia hapo, na kati yake na bati ni hewa tupu. Hiyo hewa ndiyo tunaenda kuichukua.

Anza kwa kupima, usinunue kitu kwanza. Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, mkanda umefunga, mwenzako achome sindano ndefu ya kushonea magodoro kwenye kitambaa, juu ya kichwa chako, taratibu mpaka iguse bati, ashike pale ilipoishia. Mimi nilipata milimita 28. Rufu yangu mpya yote, yaani tabaka la kuzuia kelele, gamba la faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini) na kitambaa, ni kama milimita 8, kwa hiyo nimerudishiwa sentimita mbili. Kwenye gari dogo sentimita mbili ni nyingi sana jamani, ndiyo tofauti ya kugonga na kutogonga.

Kutoa ya zamani ni kazi ya nusu siku. Mbele na nyuma kitambaa kimeingia chini ya mpira wa kioo, unaweza kukikata kwa wembe usitoe kioo, lakini mimi nilitoa kioo cha mbele kwa sababu mpira ulishakauka na pia gamba jipya linapita hapo kirahisi. Ya zamani usiitupe, itakuonyesha matundu ya vaiza (vile vibao vya kuzuia jua machoni) na taa yalikuwa wapi. Kutu kwangua, piga msasa, paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke kabisa. Halafu bandika vipande vya butili, raba laini inayonata, yenye karatasi ya fedha, unene wa milimita 2, siyo lazima ujaze paa lote, nusu inatosha kuua ule mlio wa debe. Kama paa lina mbavu za chuma usizikate hata kama zinakukera, ndizo zinazolishika.

Sasa gamba, na hapa ndipo watu wengi wanateseka bure. Wanajaribu kubandika faiba kwa ndani, juu ya vichwa vyao, rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda, inawadondokea usoni na mat, yaani shuka la nyuzi za faiba, inabanduka. Panda nje! Mkunjo wa paa kwa nje ni karibu sawa na wa ndani, kwa hiyo paa lenyewe ndiyo moldi yako, yaani umbo la kufinyangia. Funika paa lote kwa masking tepu, juu yake nailoni nene ya plastiki iliyovutwa isiwe na mikunjo, teremsha nyingine mpaka chini ya milango maana rezini ikidondokea rangi umeumia. Weka mat ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka mbili, ishie kama sentimita mbili juu ya mfereji wa maji. Rezini ya polyesta, changanya kidogo kidogo na haadena, dawa ya kuigandisha, kama asilimia 1, fanya asubuhi na mapema kivulini, kwa joto letu la Dar ukichelewa inakugandia ndooni. Vaa glavu, maski ya kemikali na hasa miwani, hiyo haadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, sitanii. Tembeza rola mpaka mapovu meupe yaishe, uache mpaka kesho yake.

Ukilibandua utaona upande mmoja umekwaruza na mwingine, uliolalia nailoni, unang'aa. Ule unaong'aa ndio utakaotazama chini. Upige msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe maana gundi haishiki vizuri kwenye uso laini kama kioo, na upande wa juu sawazisha vinundu vyote, kinundu cha milimita tatu kinakula milimita tatu za kichwa chako. Kata kingo polepole, jaribisha, kata tena, mimi nilijaribisha mara saba. Likikaa vizuri toboa matundu ya vaiza na taa kabla ya kitambaa, na waya wa taa upitishe pembeni, usiupitishe juu ya kichwa.

Kitambaa chukua kile cha rufu chenye sponji ya milimita 3 nyuma, kinachovutika pande zote. Reksini, ile ngozi ya bandia, haivutiki vizuri kwenye mkunjo, itakuletea makunyanzi kwenye kona. Na kama gari lako lina rufu ya kubandikwa, siyo ya nyaya, usishawishike kubandika juu ya kitambaa cha zamani kilicholegea, kwa sababu sponji ya nyuma yake imeshageuka unga kwa joto na unyevu, ndiyo maana rufu nyingi huku pwani zinashuka, siyo gundi imeisha nguvu.

Gundi iwe ya dawa ya kupuliza inayostahimili joto, maana bati la paa juani saa saba huwezi kuliwekea kiganja. Puliza kwenye gamba na nyuma ya kitambaa pia, subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole inanata lakini haikuachii uzi. Kunja kitambaa nusu, anzia katikati ya gamba, sukuma kwa kiganja kuelekea nje, halafu nusu ya pili. Nimesema sukuma, usivute. Gamba limeingia ndani kama bakuli, ukivuta kitambaa kitakaa kama ngozi ya ngoma juu ya bakuli, siku hiyo kitapendeza, wiki ya pili juani kinabanduka katikati. Ya kwanza niliharibu hivyohivyo, nikanunua kitambaa kingine. Acha sentimita 5 za kukunja nyuma ya ukingo.

Kufunga, weka viti nje, ingizeni watu wawili, gamba lipinde kidogo lipite kwenye uwazi wa kioo cha mbele. Velkro katikati usiweke, inaongeza unene mahali pale pale unapopahitaji. Vaiza, taa na mpira wa milango unaobana kingo vinatosha kulishika, ukiona linacheza ongeza sumaku bapa pembeni. Lakini skrubu za vaiza zipime kwanza! Kitu kinachonisikitisha mpaka leo ni kinundu kidogo kwenye paa langu upande wa abiria, skrubu ilizidi milimita nne tu nikaisukuma kwa nguvu ikainua bati kwa ndani, na rangi nilikuwa nimepiga mwezi mmoja nyuma. Weka skrubu kwenye tundu kwa mkono, hesabu nyuzi zinazoingia, kama ni ndefu ikate.