Namna ya Kupanga Utoaji wa Hisani katika Kampuni ya Kuandaa Matukio

Kampuni inayofunga majukwaa, mitambo ya sauti, taa na mahema kwa ajili ya matukio ya watu wengine haifanani na benki wala kiwanda, na kwa sababu hiyo haifai kuiga mpango wa hisani uliotungwa kwa ajili ya benki au kiwanda. Mapato yake hupanda na kushuka kwa misimu, mafundi na vibarua wanaoitwa kazi inapopatikana mara nyingi huwa wengi kuliko wafanyakazi wa kudumu, na sehemu kubwa ya mali yake imo ghalani, ambako spika, nyaya na vyuma vya jukwaa hulala bure kati ya kazi moja na nyingine. Mpango mzuri huanza kwa kujiuliza kampuni ina nini ambacho asasi ya hisani ingekipata kwa taabu na kwa gharama kubwa. Mara nyingi kitu hicho ni ujuzi wa kuugeuza uwanja mtupu kuwa ukumbi kwa usiku mmoja, na mpango wote unapaswa kujengwa juu ya ujuzi huo kabla ya kufikiria fedha.

Hatua ya kwanza ni kuunda kamati ndogo. Watu watano wanatosha: mhasibu, msimamizi wa ghala, fundi mmoja, mmoja wa wanaoshughulika na wateja, na mmoja wa vibarua wanaoitwa mara kwa mara. Mwenye kampuni asiwe mwenyekiti, kwa kuwa pendekezo lake litapokewa kama amri hata akilitoa kwa unyenyekevu. Msimamizi wa ghala naye asiachwe nje kwa hali yoyote, maana yeye ndiye anayejua ni vifaa gani vitakuwa vimerudi siku ya Jumatano na vipi vitakuwa bado njiani.

Kamati ichague asasi mbili au tatu tu, zilizosajiliwa na zilizo tayari kuonyesha vitabu vyao vya hesabu, kisha izitembelee. Asasi inayosema iletewe chochote kitakachopatikana haijawa tayari kusaidiwa vizuri. Ile inayosema kwamba mkutano wake wa mwaka una watu 300 na wa nyuma hawasikii kitu ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu shida yake inatatuliwa na watu ambao kampuni inao tayari.

Kazi ya kujitolea iandikwe kama kazi nyingine yoyote. Itolewe hati ya bei inayoonyesha thamani kamili ya huduma, na chini yake punguzo lililotolewa, ili asasi ijue kilichopokewa na mhasibu ajue kilichotoka. Iwe na ratiba, orodha ya vifaa, msimamizi mmoja anayewajibika na bima ile ile. Hapa pana hatari inayostahili kutajwa waziwazi: kazi ya bure huwa na mwelekeo wa kupewa watu wachache, muda mfupi na vifaa vilivyochoka, ilhali uzito wa vyuma vinavyoning'inia juu ya vichwa vya watu haupungui kwa sababu hakuna aliyelipa. Kama kamba ya hema au kifungo cha jukwaa hakifai kwa mteja anayelipa, hakifai pia kwa watoto yatima. Idadi ya kazi za namna hii iwekewe kikomo mwanzoni mwa mwaka, na nyingi zipangwe katika miezi ambayo kazi huwa chache.

Vibarua walipwe ujira wao kamili hata pale kampuni inapofanya kazi bila malipo. Mtu anayeishi kwa ujira wa siku akiombwa kujitolea na yule anayempa kazi hana nafasi halisi ya kukataa, hata akiambiwa kwamba ni hiari. Kampuni ikitoa zawadi kwa jasho la kibarua, mtoaji ni kibarua, na jina linaloandikwa kwenye cheti cha shukrani si lake. Huu ndio msingi ambao ningeusimamia hata kama mengine yote yangelegezwa.

Kwa wafanyakazi wa kudumu wanaopenda kuchangia fedha, makato ya mshahara ni njia nyepesi, mradi kila mmoja atie saini kwa hiari yake, achague kiasi mwenyewe na aweze kusitisha bila kutoa maelezo. Orodha ya wachangiaji isibandikwe ukutani. Kampuni inaweza kuongeza kiasi sawa na kilichokusanywa, lakini iweke ukomo unaolingana na msimu mbaya. Sambamba na hilo, ni busara kuwa na mfuko wa pili, wenye akaunti yake, kwa ajili ya watu wa kazi hii wenyewe. Mwaka 2020 matukio yalisimama karibu dunia nzima kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na waliokosa riziki mapema kabisa walikuwa mafundi wasio na mkataba wa kudumu. Mfuko huo uwe na kanuni za maandishi juu ya nani anastahili, kwa kiasi gani na nani anaidhinisha, ili msaada usitegemee ukaribu wa mtu na ofisi.

Mabaki ya matukio nayo ni mlango mpana wa kutoa, ingawa yanataka uangalifu. Chakula kilichopikwa, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi au kihifadhiwe kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 5. Kwa hiyo makubaliano na wapokeaji pamoja na gari la kubebea viwe tayari kabla hafla haijaanza, na kile kilichokwisha kukaa mezani jioni nzima kisipelekwe kwa mtu yeyote. Mazulia, mbao na maua hayana taabu kubwa. Mabango huhitaji ruhusa ya mteja ambaye nembo yake imo, na kwa kuwa mengi ni ya plastiki ya PVC, ambayo ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, wapewe wenye matumizi yanayojulikana, kama vile kushona mifuko au kufunika mizigo.

Vifaa vikitolewa moja kwa moja, vijaribiwe kwanza na viende vikiwa vimekamilika. Miksa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti) isiyo na waya wake wa umeme ni mzigo tu kwa shule. Fundi aende navyo, abandike lebo kwenye kila waya kuonyesha unakoingia, na akae na watu wawili wa pale hadi wao wenyewe wavifunge na kuvifungua bila yeye kugusa kitu. Awaonyeshe taa nyekundu ya miksa na kuwaeleza kwamba sauti ipunguzwe mara inapowaka, kwa maana spika nyingi huungua kwa kuachwa zikipiga huku taa hiyo ikiwaka muda wote. Awafundishe pia kukunja waya bila kuuvunja ndani na kuubandika sakafuni kwa utepe wa gundi ili mtu asijikwae.

Tamasha la kuchangisha fedha liandaliwe pamoja na mpokeaji tangu mwanzo. Wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walipoandaa matamasha ya kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh waliokumbwa na vita na njaa, tarehe 1 Agosti 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, mapato ya milangoni yalikwenda UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, lakini fedha nyingi zilizotokana na albamu na filamu zilizuiwa kwa miaka na mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa kuwa utaratibu wa hisani haukukamilishwa mapema. Wenye njaa hawakuwa na miaka ya kungoja. Mkataba ueleze fedha zinaingia akaunti ya nani, gharama zipi zitakatwa kwanza, na hesabu itatolewa lini.

Kuhusu picha, idhini itangulie, hasa kwa watoto na wagonjwa, na asasi iwe na haki ya kukataa bila kupoteza msaada.

Mwisho wa mwaka, kamati irudi kwa kila asasi na kuuliza maswali mawili: kipi kilitumika, na kipi kilibaki kwenye kona. Majibu yaingizwe kwenye mpango wa mwaka unaofuata kabla kalenda ya wateja haijajaa, na tarehe za kazi za hisani zihifadhiwe kwenye ratiba ya ghala kama zilivyohifadhiwa za wengine.