Somo: Kabla ya kuuza kinywaji kipya Lubumbashi, hesabu mikono

Wenzangu wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, niliahidi kueleza nilivyopima soko la munkoyo wangu wa chupa. Nitachukua nafasi kidogo, maana nilikosea kwanza.

Munkoyo wenyewe mnaujua: uji wa mahindi, mizizi inayoulainisha uji mpaka unakuwa mwepesi, unalala usiku, asubuhi unanyweka. Mimi niliongeza chupa ya kioo, kifuniko na kibandiko tu. Kwa kuwa sikuwa nimeona mwingine akiuza hivyo mtaani kwetu, nikajiambia soko lote ni langu. Nikapika lita 80 siku ya kwanza. Siku ya tatu vifuniko vilikuwa vinaruka vyenyewe chini ya meza, kwani munkoyo hausubiri mteja, unaendelea kuchacha.

Hatua ya 1: Mjue mshindani wako wa kweli. Usimtafute anayetengeneza kitu kama chako. Mtafute anayechukua pesa ambayo ungeichukua wewe. Mtu anatoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, saa saba mchana, jua la Oktoba limemchoma, mfukoni ana franka chache. Muulize: "Leo usingenikuta hapa, ungekunywa nini?" Niliwauliza wanunuzi 20. Nilitegemea wataje mama wa bidoni, wale wanaouza munkoyo wa kwenye dumu kwa kikombe. Wengi wakasema maji. Fanta ikafuata. Kumbe nilikuwa nagombana na kiu, na kiu ina dawa nyingi.

Hatua ya 2: Hesabu, lakini weka mpaka kwanza. Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Nilikaa kwenye kona moja ya soko Jumamosi, saa tano hadi saa nane, na daftari. Kila aliyepita na kinywaji alichonunua pale nilimpigia mstari, mpaka mikono ikatimia 100. Maji 41, soda 33, munkoyo wa bidoni 22, wangu 4.

Sasa sehemu yangu ya soko ni ngapi? Katika vinywaji vyote ni 4 kwa mia. Katika munkoyo peke yake ni 4 kati ya 26, yaani kama 15 kwa mia. Tukihesabu pesa badala ya vikombe: kikombe cha mama ni franka 500, chupa yangu 1.500. Wao walipata 11.000, mimi 6.000. Hapo nina 35 kwa mia!

Namba zote tatu ni za kweli. Ile ya 35 nilimwambia mke wangu jioni, nikavimba. Ile ya 4 ndiyo iliyonisaidia kupanga nipike lita ngapi. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina nusu ya soko", muulize: soko gani, la wapi, la vikombe au la pesa?

Hatua ya 3: Tazama mshindani anakupita wapi. Mama wa bidoni anakuonjesha kwanza, anakuongezea kidogo juu, na munkoyo wake ni wa asubuhi ileile. Chupa yangu haiwezi hayo. Ila inabebeka: mtu anaipeleka ofisini au anapanda nayo basi. Nikahamisha meza kutoka sokoni kwenda karibu na maegesho ya mabasi.

Hatua ya 4: Tenganisha anayeonja na anayerudi. Kitu kipya hununuliwa kwa udadisi. Kwa kila chupa tupu iliyorudishwa nilitoa franka 100, na nikaandika nani amenunua tena papo hapo. Wiki ya kwanza chupa 60 zilitoka, watu 19 wakanunua tena. Hiyo 19 naitazama kila wiki kuliko ile 60.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Katuba:* Kaka, kwa nini usishushe bei mpaka 500 uwamalize hao wa bidoni?

Mama yangu, chupa, kifuniko na kibandiko peke yake vinakula zaidi ya 500. Ningejimaliza mwenyewe. Halafu wale mama hawana gharama ya friji. Wakitaka kushuka, watashuka kuliko mimi.

*Kaka wa Ruashi:* Mimi nauza sabuni ya maji dukani kwangu tu. Nayo nihesabu?

Hesabu, na kwako ni rahisi zaidi. Andika kwa wiki moja sabuni zote zinazotoka kwenye rafu yako, ya kipande, ya unga na yako. Lakini usidhani rafu yako ni Lubumbashi. Dukani kwako wewe ndiye unayeelekeza mkono wa mteja. Omba rafiki wa Kampemba aiweke kwake bila kuisifu, uone.

*Dada mmoja:* Na bidhaa zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia?

Zihesabu kama zingine. Ila usipange kwa siku moja: mpaka ukifungwa au malori yakikwama, rafu inabadilika, na wewe unaweza kudhani umeshinda. Rudia hesabu baada ya mpaka kufunguliwa.

*Papa wa Kamalondo:* Juni na Julai kuna baridi. Sehemu yako haitashuka?

Papa, mwaka jana mauzo yalishuka karibu nusu. Nikarudi kwenye kona ileile na daftari: mikono yenyewe ilikuwa imepungua, soda nazo zilikuwa zimelala. Sehemu yangu ilikuwa 5 kwa mia. Nikapunguza sufuria, meza nikaiacha palepale.