Jinsi ya Kuchagua Programu-jalizi ya Manukuu kwa Programu ya Kuhariri Video

Kabla ya kununua programu-jalizi (nyongeza inayoingizwa ndani ya programu nyingine) yoyote ya manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa yanayoonekana kwenye video, chunguza kwanza programu unayohariria inaweza kufanya nini yenyewe, kwa sababu kazi ambayo miaka michache iliyopita ilihitaji nyongeza ya kulipia sasa mara nyingi imo humo humo. Adobe iliingiza ugeuzaji wa usemi kuwa maandishi katika Premiere Pro, programu yake ya kuhariri video, mwaka 2021. DaVinci Resolve iliupata katika toleo la 18.5 mwaka 2023, ingawa ni kwa wenye Studio, yaani toleo la kulipia. Nayo Final Cut Pro 11, iliyotoka Novemba 2024, ilikuja na uwezo huo kwa Kiingereza, kwenye kompyuta za Mac zenye chipu za Apple zenyewe. Zote tatu humruhusu mhariri kuandika manukuu kwa mkono na kuingiza faili iliyotayarishwa kwingine. Kwa hiyo programu-jalizi inastahili kununuliwa pale tu inapotimiza jambo ambalo programu yako hailitimizi: iwe ni lugha isiyotambuliwa, aina ya faili inayodaiwa na mteja, mtindo wa maandishi, au wepesi wa kusahihisha. Asiyeweza kulitaja hitaji lake kwa sentensi moja hajafika wakati wa kutoa fedha.

Baada ya hapo, anza kufikiri kutoka mwisho wa kazi, yaani pale video itakapotazamwa. Manukuu ni ya namna mbili. Yapo yanayobandikwa kwenye picha yenyewe yakawa sehemu yake ya kudumu, ambayo mtazamaji hawezi kuyazima, kuyakuza wala kuyabadilisha yawe ya lugha nyingine. Yapo pia yanayokaa katika faili ya pembeni, au ndani ya faili ya video kama mkondo unaojitegemea, na mtazamaji huyawasha apendapo. Namna ya kwanza inafaa video fupi ambazo wengi huzitazama kwenye simu bila sauti. Namna ya pili ndiyo hutakiwa na vituo vya televisheni, majukwaa ya filamu na taasisi zinazofuata WCAG, yaani miongozo ya kimataifa ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia maudhui ya wavuti, ambayo tangu toleo lake la 2.0 la mwaka 2008 huyahesabu manukuu ya video zilizorekodiwa kuwa sharti la ngazi ya kwanza kabisa.

Tofauti hii huondoa programu-jalizi nyingi mapema. Zile zinazosifiwa zaidi, zenye maneno yanayorukaruka na kubadilika rangi kila yanapotamkwa, aghalabu hutengeneza michoro na si manukuu. Ukiziomba faili ya pembeni hazina cha kukupa. Hakikisha basi kwamba unaweza kutoa faili ya SRT, yaani faili ya maandishi yenye manukuu na muda wa kila moja, na kama video itawekwa kwenye ukurasa wa wavuti, VTT pia. Faili hizi mbili zinafanana lakini si kitu kimoja: katika SRT, milisekunde hutenganishwa na sekunde kwa mkato, ilhali katika VTT hutenganishwa kwa nukta, na VTT hudai mstari wake wa utangulizi, kwa hiyo kubadilisha jina la faili peke yake hakutoshi. Ukifanya kazi ya matangazo ya televisheni kwa mfumo wa Marekani utaombwa faili ya SCC, aina nyingine ya faili ya manukuu, inayofuata kanuni za CEA-608 za manukuu ya televisheni, ambamo mstari mmoja haupiti herufi 32. Programu-jalizi isiyoujua ukomo huo itakupa faili itakayokataliwa.

Suala la lugha linadai uangalifu wa pekee kwa anayehariri mazungumzo ya Kiswahili. Programu-jalizi nyingi hazina injini yake ya kutambua usemi. Zimejengwa juu ya injini ya mwingine, mara kwa mara Whisper, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa bure mwezi Septemba 2022 baada ya kuifunza kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa yake ikiwa Kiingereza. Kiswahili kimo katika orodha yake ya lugha, lakini kuwamo katika orodha si sawa na kutambuliwa vizuri, na mzungumzaji anapochanganya lugha mbili katika sentensi moja matokeo huzidi kuharibika. Injini hiyo pia inajulikana kwa tabia ya kubuni sentensi, au kurudia moja mara nyingi, mahali penye ukimya au muziki. Kwa sababu hiyo, programu-jalizi mbili zenye bei tofauti sana zinaweza kukupa maandishi yale yale kabisa, na unachokilipia katika ile ya ghali ni kile kinachoizunguka injini.

Ndiyo maana matangazo ya usahihi hayana uzito mkubwa machoni pangu. Usahihi wa asilimia 95, hata ukiwa wa kweli, ni kosa katika neno moja kati ya kila 20. Mazungumzo ya dakika kumi yenye maneno 1,300 yatakuwa na makosa 65 ya kutafutwa na kurekebishwa. Fanya jaribio lako mwenyewe. Chukua kipande cha dakika mbili au tatu kutoka katika kazi yako halisi, na kiwe kile kibaya zaidi: wasemaji wanaokatizana, upepo kwenye kipaza sauti, majina ya watu, tarakimu. Andika matini yake sahihi kwa mkono. Kisha kipitishe kipande hicho katika kila programu-jalizi unayoifikiria, jumlisha maneno yaliyokosewa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, na ugawanye jumla hiyo kwa idadi ya maneno ya matini sahihi. Makosa 36 katika matini ya maneno 300 ni asilimia 12. Usiishie kwenye hesabu, kwa maana haitofautishi kosa dogo na kubwa: "hawakulipa" likiandikwa "walikulipa" ni kosa moja tu, lakini ni kosa linaloweza kukupeleka mahakamani.

Kisha pima muda unaoutumia kusahihisha kipande hicho mpaka kiwe tayari kutolewa. Kipimo hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu programu-jalizi yenye makosa mengi kidogo lakini inayosahihishika upesi itakuokolea saa nyingi kuliko ile sahihi zaidi yenye kisanduku kidogo cha maandishi kinachodai kubofya mara nne kwa kila neno. Angalia kama video inaruka yenyewe hadi neno unalolibofya. Kama unaweza kubadilisha jina lililokosewa kila mahali kwa mara moja. Kama kuna kamusi ya kuingizia majina kabla ya utambuzi kuanza. Na kama kugawa au kuunganisha mistari kunafanyika kwa kibodi bila kugusa kipanya. Zile zinazoangaza neno moja moja zina hila yake: ukifuta maneno mawili na kuandika matatu, baadhi hupoteza muda wa kila neno, na mwangaza huanza kumkimbia msemaji. Jaribu pia kukata sekunde tano katikati ya taimulaini (mstari wa muda unaopangiwa vipande vya video) baada ya manukuu kuwekwa, uone kama yanasogea pamoja na picha au yanabaki yalipokuwa, kwani mteja atakayeomba kipande kiondolewe dakika ya mwisho hakosekani.

Manukuu kamili kwa ajili ya viziwi hueleza pia mlango unaogongwa, kicheko, muziki unaoanza, na nani anasema asipoonekana. Mashine kwa kawaida haitayaandika hayo ipasavyo, hivyo lazima iwe rahisi kuongeza mstari mahali pasipo na usemi wowote.

Kwa upande wa mpangilio, tafuta uwezo wa kuweka mipaka. Netflix, kwa lugha nyingi zinazotumia herufi za Kilatini, hutaka mstari usizidi herufi 42, nukuu isizidi mistari miwili wala kukaa zaidi ya sekunde saba, na hata kama si lazima uzifuate kanuni za wengine, hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Programu-jalizi bora hukuruhusu kuweka namba hizo wewe mwenyewe na hukuonya nukuu inapopita kasi ya kusomeka. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mstari uliopangwa kwa idadi ya maneno badala ya herufi utafurika upande mmoja na kupwaya upande mwingine. Hakikisha vilevile kwamba mipangilio ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, inalingana na ya mradi: video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikihesabiwa kama ya 30, manukuu hupotoka kwa takriban sekunde 3.6 kwa kila saa, jambo lisiloonekana katika kipande cha majaribio cha dakika mbili.

Uliza sauti inakwenda wapi. Baadhi hufanya utambuzi ndani ya kompyuta yako, jambo linalohitaji mashine yenye nguvu lakini halitegemei intaneti. Nyingine huipeleka sauti kwenye seva ya kampuni na kutoza kwa dakika. Mahojiano uliyoahidi kuyatunza kwa siri hayafai kupita njia hii ya pili kabla ya kusoma masharti ya kampuni kuhusu utunzaji na matumizi ya sauti hiyo.

Mwisho, fikiria siku programu-jalizi itakapoacha kufanya kazi, kwani toleo jipya la programu ya kuhariri linaweza kuivunja, na usajili wa kila mwezi ukikoma mradi wa zamani unaweza kufunguka bila maandishi. Soma tarehe ya sasisho lake la karibuni, chagua malipo ya mwezi mmoja kabla ya yale ya mwaka, na kila mradi unapokamilika toa faili ya SRT yenye usimbaji wa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi inayokubali lugha nyingi) uihifadhi katika folda moja na video.