Namna ya Kutoa Maoni Yenye Uzito Serikali ya Uingereza Inapobadili Mafao

Ikiwa unaishi Uingereza na serikali ya huko ikatangaza kwamba inabadili mafao, yaani malipo inayowapa wenye kipato kidogo, wagonjwa na walemavu, jiulize kwanza tangazo hilo limefikia hatua gani, kwa sababu hatua ndiyo inayoamua nani aandikiwe na hoja ipi itasikilizwa. Waraka wa mapendekezo hupokea maoni ya mtu yeyote hadi tarehe iliyotajwa. Muswada unaweza kurekebishwa na wabunge kifungu kwa kifungu. Kanuni, yaani sheria ndogo anayoitunga waziri chini ya sheria iliyokwisha kupitishwa, kwa kawaida hukubaliwa au kukataliwa nzimanzima, na mabadiliko mengi ya viwango vya mafao hupitia mlango huu wa tatu, ambao hauna kelele.

Kisa cha mwaka 2015 kinaonyesha vizuri. George Osborne, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alileta kanuni za kupunguza nafuu ya kodi (tax credits), fao walilokuwa wakilipwa wazazi na wafanyakazi wa kipato kidogo. Kiwango cha mapato ambacho mtu aliruhusiwa kufikia kabla ya nafuu kuanza kukatwa kingeshushwa kutoka pauni 6,420 hadi pauni 3,850 kwa mwaka, na kila pauni iliyozidi hapo ingekatwa peni 48 badala ya 41. Ukisoma hivyo hivyo, huoni jambo la kukunyima usingizi. Sasa chukua mzazi wa watoto wawili mwenye mshahara wa pauni 15,000 kwa mwaka: kwa utaratibu wa zamani nafuu yake ilikatwa takriban pauni 3,518, na kwa kanuni mpya ingekatwa 5,352, kwa hiyo nyumba hiyo ingepungukiwa na zaidi ya pauni 1,830 kwa mwaka, ambazo ni kama pauni 35 kila wiki. Hesabu za namna hiyo zilipoanza kuzungumzwa, hata baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walianza kurudi nyuma. Tarehe 26 Oktoba Baraza la Malodi, ambalo ni baraza la juu la Bunge, lilipiga kura ya kuzichelewesha kanuni hizo, na kabla Novemba haijaisha Osborne alikuwa ameziacha.

Kwa hiyo fanya hesabu yako kabla ya kuandika barua. Fungua akaunti yako ya mtandaoni ya Universal Credit, fao la kila mwezi la watu wenye kipato kidogo, tazama taarifa ya malipo ya mwezi uliopita, kisha andika kiasi unachopokea sasa, kiasi utakachopokea mapendekezo yakipita, na tofauti yake kwa wiki. Ikiwa mahesabu yanakutatiza, ofisi za Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, husaidia bila malipo.

Barua yenyewe mwandikie mbunge wa jimbo unaloishi, wala usijisumbue kuwaandikia wabunge wengine, kwani kwa desturi ya Bunge lao mbunge hushughulikia watu wa jimbo lake tu na barua isiyo na anwani ya jimboni huwekwa kando. Tovuti ya Bunge itakuonyesha mbunge wako ukiingiza msimbo wa posta. Huhitaji kuwa raia ili kumwandikia. Inatosha kuwa mkazi. Barua iandikwe kwa Kiingereza, iwe ya ukurasa mmoja, na aya yake ya kwanza iwe na maana kama hii: “Ninaishi katika jimbo lako, kwa anwani iliyo hapo juu. Ninafanya kazi ya kutunza wazee kwa saa 25 kwa wiki na ninalea watoto wawili. Kanuni zitakazopigiwa kura mwezi ujao zitanipunguzia pauni 35 kwa wiki. Naomba unijulishe kama utazikataa, na kama hutazikataa, kwa sababu gani.” Swali la mwisho ndilo lenye kazi, kwa sababu linadai jibu. Barua pepe zinazonakiliwa kwa mamia, neno kwa neno, huhesabiwa tu na kupewa jibu moja la jumla. Barua moja yenye maisha ya mtu na tarakimu zake ndiyo inayoweza kusomwa katika ukumbi wa Bunge.

Penye waraka wa mapendekezo, soma kwa makini orodha ya maswali, maana si kila kitu kilichotangazwa huwa kimewekwa wazi kwa maoni. Mnamo Machi 2025 serikali ya Keir Starmer ilitoa waraka wa mageuzi ya mafao ya ugonjwa na ulemavu, na maoni yakapokelewa hadi tarehe 30 Juni. Hata hivyo, pendekezo lililowatia watu hofu kuliko yote, la kumtaka mwombaji wa PIP, fao la kufidia gharama za ziada za ulemavu, apate katika tathmini yake angalau alama 4 kwenye shughuli moja ya kila siku, halikuwa miongoni mwa yaliyoulizwa. Waliotegemea fomu ya maoni ya waraka ule pekee walipoteza muda. Njia iliyozaa matunda ilikuwa ya wabunge: zaidi ya wabunge 120 wa chama tawala walitia sahihi hoja ya kuuzuia muswada uliolibeba pendekezo hilo, na tarehe 1 Julai, saa chache kabla ya kura, serikali ikakubali kukiondoa kifungu hicho. Muswada uliobaki ulipita, pamoja na sehemu inayopunguza karibu nusu nyongeza ya ugonjwa katika Universal Credit kwa wengi wa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ilistahili kelele zaidi kuliko ilizopata.

Ombi la sahihi kwenye tovuti ya Bunge linaweza kutiwa sahihi na raia wa Uingereza au mkazi yeyote. Sahihi zikifika 10,000 serikali hutoa jibu, na zikifika 100,000 ombi hufikiriwa kwa mjadala. Ukishajaza jina, fungua barua pepe utakayotumiwa ubonyeze kiungo cha uthibitisho, la sivyo sahihi yako haihesabiwi.

Wakazi wa Glasgow na miji mingine ya Scotland watambue kwamba fao la ulemavu huko linasimamiwa na serikali ya Scotland, kwa hiyo barua juu yake huenda kwa mbunge wako wa Bunge la Scotland lililoko Edinburgh, huku Universal Credit ikibaki mikononi mwa London.

Kuhusu kura, wengi wetu hatuitumii haki tuliyo nayo. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge, kwa kuwa nchi hizo ni za Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Hata mwenye kibali kinachomzuia kupokea mafao anaruhusiwa kupiga kura kama nchi yake ni ya Jumuiya hiyo.

Mapunguzo yakishaondolewa, endelea kufuatilia bajeti zinazofuata. Osborne aliiacha nafuu ya kodi mwaka 2015, lakini Aprili 2016 kiasi ambacho mfanyakazi aliruhusiwa kupata kabla ya Universal Credit yake kukatwa kilishushwa kama kilivyopangwa, na nafuu ya kodi yenyewe ilifikia kikomo Aprili 2025.

Mwisho, usichanganye kupinga sera na kupinga uamuzi uliokuhusu wewe. Ukipokea barua inayokupunguzia fao lako, una mwezi 1 tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na wakikataa unaweza kukata rufaa kwenye baraza huru. Mbunge anaweza kukusaidia kuuliza, ila muda huo hausimami kwa sababu umemwandikia.